Paka wa Sokoni: Je, Twampa Sadaka au Twalipa Deni?

Yako maswali ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza hucheka, na akiyasikia mara ya pili hunyamaza. Swali letu la mwezi huu ni la namna hiyo. Tuseme mtu amemkuta mtoto wa paka katika mtaro wa Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Macho yake hayajafumbuka, na mama yake amekufa kwa kukanyagwa na gari. Mtu huyo amchukua mpaka chumbani kwake Ilala, amlea usiku na mchana muda wa majuma manane bila ujira wo wote, kisha ampa mtu mwingine awe paka wake. Je, ametenda jambo la haki, au amechezea wakati na fedha ambazo zingewafaa watu?

Wengi watajibu upesi. Mmoja atasema, huruma ni huruma, hata kwa paka. Mwingine atasema, watu kwanza, paka baadaye. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosea mahali pamoja, maana wote wawili wamedhani ya kuwa jambo hili ni sadaka. Na sadaka hutolewa na mwenye kupenda, kwa kadiri apendavyo. Lakini je, kama si sadaka? Kama ni deni? Hapo shauri lote hugeuka, kwa sababu mtu hawezi kuliacha deni lake kwa kusema kwamba leo moyo wake haupendi kulipa.

Basi na tutazame kwanza paka ametoka wapi. Wataalamu waliochunguza chembe za urithi za paka wa nchi nyingi, wakatoa habari yao mwaka 2007, walionyesha ya kuwa paka wote wa nyumbani, weusi kwa weupe, wa Ulaya kwa wa Afrika, wametokana na aina moja ya paka-mwitu aishiye Afrika na Mashariki ya Kati, ndiye tumwitaye kimburu. Katika kisiwa cha Kipro limefukuliwa kaburi la kale la miaka kama 9,500, na ndani yake mtu amelazwa, na paka amezikwa karibu naye. Sababu ya urafiki huo si ngumu kuielewa. Mwanadamu alipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja. Panya walipokuja, kimburu akawafuata. Ng'ombe tulimfunga kamba, bali paka alikuja mwenyewe, nasi tukamwacha akae kwa kuwa alitufaa. Baadaye tukamtia hata katika vyombo vya baharini, alinde shehena. Hivyo tangu mwanzo kulikuwa na namna ya mapatano, ingawa hayakuandikwa: yeye atalinda ghala, nasi tutamwachia mahali pa kulala.

Sasa tuje Kariakoo. Wale wasiofika huko wajue ya kuwa ni mtaa wa soko kuu la Dar es Salaam, katika wilaya ya Ilala. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Bwana Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua moto, na kazi ya kulitengeneza ikafuata. Lakini jengo likiungua au likisimama, biashara ya mtaa ule haikomi: mchele, maharagwe, mahindi, dagaa wakavu, kuku na mboga huingia kila siku, na mabaki yake hubaki vichochoroni. Penye mabaki hapakosi panya, na penye panya hapakosi paka. Mwenye ghala humwacha paka jike alale juu ya magunia yake, kwa kuwa ni mlinzi asiyedai mshahara. Lakini paka huyo akizaa watoto wanne au watano, watoto hutiwa ndani ya boksi, wakaachwa penye jalala. Hapo ndipo deni lilipo: kazi yake twaitaka, uzao wake hatuutaki.

Wahenga walisema, Paka wa nyumba haingwa. Maana yake, aliye wa nyumbani hafukuzwi. Lakini yule mwingine, paka shume, aingwa na kila mtu. Hupigwa mawe, humwagiwa maji ya moto, huitwa mwizi. Twauliza, paka shume alitoka wapi? Hakutoka mwituni. Huyo ni mtoto au mjukuu wa paka wa nyumba fulani, ambaye siku moja mlango ulifungwa nyuma yake. Tofauti kati ya wawili hao haiko katika damu yao. Iko katika sisi.

Tena jina lenyewe la Kariakoo latufundisha neno. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ambao walikuwa na kambi mahali hapo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita vile kwa njaa, kwa homa na kwa kuhara, na wengi hawana hata kaburi lijulikanalo. Hatuwalinganishi watu wale na paka, hasha. Twasema tu kwamba mtu aishiye mahali penye jina kama hilo ana sababu ya kujua jinsi ilivyo rahisi kuutumia mgongo wa mwingine, na kumsahau kazi ikiisha. Tabia ya kusahau ni moja. Huanza kwa yule asiyeweza kudai, na mtu akiizoea kwa mnyama, haimwii vigumu kuitumia kwa kibarua wake.

Sasa tumjibu yule asemaye, watu kwanza. Neno lake si baya, wala hatumdharau. Ikiwa nyumbani mna kikombe kimoja cha maziwa, na mna mtoto mwenye njaa, kikombe ni cha mtoto, na asiyelijua hilo amepotea. Tena maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa paka hata kidogo, maana humharisha, na kuhara humwua upesi. Hivyo yeye asemaye tumpe mtoto maziwa hayo amesema kweli kuliko ajuavyo. Lakini tumwulize: mtu mwenye madeni mawili, moja kubwa na moja dogo, je, lile kubwa hulifuta lile dogo? Hata. Hulipa kubwa kwa sehemu kubwa, na dogo kwa sehemu ndogo. Na tuchunguze vema maisha ya watu. Wale wamwingao paka kwa kusema watu kwanza, je, fedha waliyoiokoa kwa paka waliipeleka kwa yatima? Mara nyingi haikwenda kwa paka wala kwa yatima. Na kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, kimehesabu kumwangalia mnyama wako kuwa alama ya mtu mwenye haki, wala hakikuliweka jambo hilo kuwa la huruma tu.

Basi, tukikubali ya kuwa ni deni, lililobaki ni kujua namna ya kulilipa. Jambo hili si geni ulimwenguni. Mjini London, mwaka 1824, kiliundwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Huko Nairobi chama cha namna hiyo kilianza mwaka 1910, kwa sababu ya mateso ya maksai waliokokota mizigo, na hata leo kipo, kikipokea mbwa na paka waliotupwa. Lamu, mji ujulikanao kwa wingi wa paka wake, ina zahanati ya wanyama iwatibuyo na kuwafunga uzazi. Dar es Salaam kipo chama cha TAWESO, kishughulikiacho ustawi wa wanyama. Nayo nchi ya Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, imtambuayo mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na kuukataza ukatili juu yake.

Katika kazi hii wajitoleao huwa wa namna mbili. Wa kwanza huenda mahali wanyama walipowekwa, akafagia, akaosha vyombo, akabadili mchanga, akawalisha. Wa pili huitwa mlezi: yeye humtwaa mnyama nyumbani kwake kwa muda, mpaka apate nguvu na mwenyewe. Kazi ya mlezi yahitajiwa sana kwa watoto wachanga, kwa sababu mahali palipokusanywa paka wengi magonjwa hupita upesi, na mikono michache haiwezi kuwanywesha wachanga usiku kucha.

Na kazi hiyo si mchezo. Mtoto wa paka hufumbua macho baada ya siku saba hadi kumi na nne. Katika majuma ya kwanza yampasa anyweshwe kila baada ya saa mbili au tatu, maziwa maalumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka, naye amelala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama yake, wala si chali, asije akapaliwa. Akiwa wa baridi asinyweshwe kwanza. Apashwe joto, kwa kuwa tumbo la baridi halisagi chakula. Tena hawezi kwenda haja peke yake. Mama yake humlamba, na asipokuwapo mama, mlezi humpangusa polepole kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kila anywapo. Katika juma la nne huanza kulamba chakula laini, na katika juma la nane aweza kwenda kwa mwenyewe. Yeye ajitoleaye kwa kazi hii ametoa usingizi wake, na usingizi ni mali.

Hapa twataka kusema maneno manne juu ya ulipaji wa deni hili, maana moyo mwema usio na maarifa huharibu.

La kwanza, mtu asiokoe kisichopotea. Mara nyingi watoto wa paka huonekana peke yao kwa sababu mama amekwenda kutafuta chakula, au yu katika kuwahamisha mmoja mmoja kwa meno yake. Anayewachukua saa ile ile amewanyang'anya mama bora kuliko yeye. Kama hawako katika hatari ya gari au mbwa, na wasimame watu mbali, wangoje saa chache, watazame.

La pili, mwenye kuokoa watoto na kumwacha mama hajalipa kitu. Amehamisha deni tu. Paka jike hubeba mimba muda wa majuma tisa, aweza kuishika kabla hajatimiza nusu mwaka, na kwa mwaka aweza kuzaa mara mbili hata tatu. Kwa hiyo wenye akili hukamata paka wa mtaa, humpeleka kwa daktari wa mifugo afungwe uzazi na kuchanjwa, kisha humrudisha mahali pake. Wakati angali amelala kwa dawa, hukatwa ncha ndogo ya sikio, iwe alama kwamba huyu amekwisha kutengenezwa. Wengine huona jambo hili ni gumu, husema twamnyima paka uzao. Twajibu: kumzuia asizae ni vema kuliko kumwacha azae kwa ajili ya jalala.

La tatu, mlezi na ajue mwisho wa nguvu zake. Yuko mtu ambaye hawezi kukataa. Leo humtwaa mmoja, kesho watatu, mwisho chumba kimoja kina paka ishirini, wote wagonjwa, na majirani wanalia kwa harufu. Mtu huyo asema awapenda, na labda awapenda kweli, lakini wao wateseka. Neno gumu kuliko yote katika kazi hii ni kusema, siwezi kumpokea. Walisemapo humwacha mtu na uchungu, kwa sababu ajua yule aliyekataliwa aweza kufa. Lakini afadhali kusema kweli hiyo kuliko kumpokea kila mmoja na kumnyima wote. Deni hulipwa kwa fedha iliyopo mkononi.

La nne, na ndilo tunaloliona kuwa kubwa, mlezi si mwenyewe. Majuma manane amemnywesha, amemjua sauti, amezoea kumkuta kitandani. Sasa mtu aja kumchukua. Wengi hushindwa hapo. Husema, wengine wote nitawatoa, ila huyu. Na akimweka huyu, mwakani hana nafasi ya mwingine, na mlango uliokuwa wa wengi umekuwa wa mmoja. Hatusemi ni kosa kumweka mnyama uliyemlea. Twasema tu kwamba kulea ni kazi nyingine, na kumiliki ni kazi nyingine. Sisi waalimu twalijua jambo hili. Watoto tuwafundishao si wetu. Tukiwafundisha vema, mwisho wao ni kututoka. Mwalimu ambaye angependa mwanafunzi abaki darasa lile lile kwa sababu amempenda, angekuwa amejipenda mwenyewe. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nasi twaongeza ya kuwa sehemu ya mwisho ya kulea ni kufungua mkono.

Labda mtu atauliza, ajitoleaye apata nini? Hapati mshahara, wala paka hajui kushukuru kwa maneno. Twamwambia, mwenye kulipa deni hangoji shukrani. Yamtosha kuwa amelipa. Lakini na ajihadhari na jambo moja. Asidhani kwamba kwa kuwa halipwi, basi aweza kuja apendapo na kuacha apendapo. Mtoto wa paka hajui kwamba mlezi wake hana mshahara. Ajua tu kwamba saa imefika na tumbo ni tupu. Ahadi ya bure hufunga sawasawa na ahadi ya mshahara, tena kwa mtu mwaminifu hufunga zaidi, kwa sababu hakuna msimamizi amwangaliaye.

Wala tusifikiri ya kuwa wajibu huu ni wa dini moja. Kariakoo na Ilala wamejaa jirani zetu Waislamu, nao katika mapokeo yao husimulia habari ya mwanamke aliyehukumiwa kwa kumfunga paka bila kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie; na mmoja wa masahaba wa Mtume wao ajulikana kwa jina la Abu Huraira, yaani baba wa kipaka. Mkristo na Mwislamu wawezapo kusimama pamoja penye jalala juu ya boksi moja, hapana shaka wamepata jambo la kuwaunganisha.

Kwetu vijijini hatuna Kariakoo, lakini ghala tunazo, na paka tunao. Kwanza, tuiache ile imani kwamba paka mweusi ni wa wachawi, maana wanyama wasio na hatia hupigwa na kuchomwa kwa ajili yake. Weusi ni rangi ya manyoya tu. Pili, tusiwachukue watoto wa paka na kuwatupa porini au njia panda, tukidhani tumewapa uhuru. Tatu, afisa mifugo aulizwe chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huugua na kuambukiza. Apewe chanjo apatapo miezi mitatu. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama ye yote asiyejulikana hali yake, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yapitayo muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje dalili, kwa sababu ugonjwa ule ukionyesha dalili hauponi. Nne, mwanamke mwenye mimba asishike mavi ya paka, na wote waoshe mikono baada ya kumhudumia, maana uko ugonjwa upitao humo uwezao kumdhuru mtoto tumboni. Kumtunza mnyama hakuondoi busara.

Basi yule mtu wa Ilala ametenda haki au hakutenda? Sisi twajibu kwamba ametenda haki, tena amelipa sehemu ya deni ambalo si lake peke yake. Mwenye ghala aliyelitupa boksi, mnunuzi aliyeruka mtaro bila kutazama, na sisi tulao mchele uliolindwa na paka tusiowajua, wote tumo katika hesabu ile. Amelipa kwa niaba yetu, wala hakutuletea hati ya kudai. Aliye na nafasi na amsaidie: chumba asipokuwa nacho, na atoe nauli ya kumpeleka paka mmoja kwa daktari, nauli asipokuwa nayo, na asimtupie jiwe. Hilo halina gharama.